Si Kila Kipimo Hukua: Mhadhara kwa Wasanifu Kurasa na Wapiga Chapa



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya karibu kila siku: kukuza au kupunguza kazi iliyokwisha kusanifiwa. Mteja ameridhika na bango, sasa anataka kipeperushi. Tangazo la ukurasa mzima linarudi kwa ajili ya robo ukurasa. Jalada la kitabu linahitajika liwe picha ndogo ya orodha ya vitabu. Tunashika kona ya fremu, tunavuta, tunahifadhi, tunapeleka kiwandani. Kazi nyingi huharibika hapohapo, na mara nyingi anayegundua ni msomaji.

Hoja yangu leo ni moja. Kazi inapobadilika ukubwa, vipimo vyake havibadiliki vyote kwa pamoja, wala havipaswi kubadilika vyote. Vipo vinavyotakiwa kufuata, vipo vinavyotakiwa kubaki vilivyo, na vipo vinavyotakiwa kuondolewa kabisa. Programu ya kupanga kurasa ni hodari wa hesabu, lakini uamuzi huo ni wa msanifu.

Mchongaji alilijua hili

Tangu Gutenberg alipochapa vitabu vyake mjini Mainz katikati ya karne ya 15, na kwa miaka 400 iliyofuata, aliyetaka herufi kubwa zaidi alilazimika kuzichonga upya. Mchongaji aliandaa nguzo ya chuma kwa kila herufi na kwa kila saizi, kisha nguzo hiyo ikatumika kutengeneza kalibu ya kumiminia risasi. Herufi za saizi ndogo alizifanya nene kidogo na pana kidogo, akaacha nafasi zaidi kati ya moja na nyingine. Za saizi kubwa alizipa mistari myembamba na madaha. Hakuwa na nadharia ndefu; alijua tu kwamba wino husambaa kwenye karatasi na kwamba jicho huchoka.

Mwaka 1885 Mmarekani Linn Boyd Benton alipata hataza ya mashine ya kuchonga nguzo hizo. Mfanyakazi alifuatisha mchoro mkubwa, na mkono wa mashine ukachonga umbo lilelile likiwa dogo. Kuanzia hapo mchoro mmoja uliweza kuzaa saizi nyingi. Karne moja baadaye, mwaka 1984, Adobe ilitoa lugha ya PostScript, ambayo huieleza herufi kwa hesabu za mikunjo yake. Mwaka 1985 zikaja printa ya LaserWriter na programu ya PageMaker, na msanifu akaweza kuipeleka herufi ileile kutoka pointi 6 hadi pointi 60 bila kumwomba mtu ruhusa.

Huo ulikuwa uhuru mkubwa, na sioni sababu ya kuutamani wakati wa risasi. Lakini marekebisho ambayo mchongaji aliyafanya kwa patasi yake hayakwenda kwenye mashine; yalihamia kwetu. Wachoraji wa herufi makini waliendelea kuyakumbuka. Matthew Carter alipochora Bell Centennial, iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya simu vya AT&T nchini Marekani, alikata vijipengo kwenye maungio ya herufi. Ukizikuza herufi hizo utadhani zimetafunwa. Zikichapwa ndogo kwenye karatasi duni, wino hujaa ndani ya vijipengo hivyo na herufi husomeka safi. Na tangu mwaka 2016, fonti zenye kubadilika zimeweza kubeba ndani yake mhimili wa saizi ya macho, yaani umbo la herufi hurekebishwa kulingana na saizi itakayochapwa. Tumerudi kwenye busara ya mchongaji kwa njia ya kompyuta.

Asilimia na milimita

Sasa tuje kwenye madoido: vivuli, mng'ao, kingo zinazofifia, herufi zilizoinuliwa kama zimegongwa. Programu ya InDesign iliingia sokoni mwaka 1999, na toleo la 2.0 la mwaka 2002 likaleta vivuli na ufifizaji ndani ya ukurasa wenyewe. Kabla ya hapo kivuli kilitengenezwa kwenye programu ya picha na kuletwa kikiwa kimekwisha kuiva. Kivuli cha leo ni hai. Ukibadilisha neno, nacho kinabadilika.

Fungueni kisanduku cha kivuli mkisome polepole. InDesign hukupa kivuli kilichosogea pointi 7 kwenda kulia na pointi 7 kwenda chini, chenye ufifio wa pointi 5, kwa uzito wa asilimia 75, mwanga ukitoka pembe ya nyuzi 135. Hizo ni tarakimu za aina tatu. Asilimia na nyuzi hazina ukubwa: asilimia 75 ni ileile kwenye stempu na kwenye bango la barabarani. Lakini pointi ni urefu halisi. Pointi moja ni sehemu moja ya 72 ya inchi, yaani takriban milimita 0.35, na hiyo haijali kama umeiweka kwenye A2 au kwenye A6.

Ukiielewa tofauti hiyo umeelewa chanzo cha matatizo mengi tunayoyaona. Kilichoandikwa kwa asilimia hujirekebisha chenyewe. Kilichoandikwa kwa pointi au milimita hubaki palepale hadi uiambie programu vinginevyo. Ndiyo maana paneli ya ugeuzaji katika InDesign ina machaguo mawili yaliyo jirani kwenye menyu yake: la kwanza huamua kama unene wa mistari ubadilike kitu kinapokuzwa, na la pili huamua kama madoido nayo yabadilike. Illustrator imeyaweka pamoja, mistari na madoido, chini ya tiki moja kwenye mapendeleo yake. Affinity Publisher, iliyotoka mwaka 2019, inakuuliza kwa kila kitu peke yake. Kila programu inauliza swali lilelile kwa namna yake. Anayefanya kazi bila kujua jibu lililowekwa kwenye kompyuta yake anafanya kazi gizani, na kompyuta mbili za ofisi moja zinaweza kutoa kazi mbili tofauti kutoka faili moja.

Bango la siku ya chanjo

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme tuna bango la siku ya chanjo la ukubwa wa A2, milimita 420 kwa 594. Kichwa chake ni pointi 120, maelezo ni pointi 24, mstari unaozunguka tarehe ni pointi 1, na kichwa kina kile kivuli cha kawaida nilichokitaja. Sasa zahanati inataka kadi ya A6 ambayo mama ataondoka nayo. A6 ni milimita 105 kwa 148, kwa hiyo tunapunguza hadi asilimia 25.

Tuanze na kompyuta ambayo chaguo la madoido limezimwa. Kichwa kinakuwa pointi 30, na herufi kubwa ya saizi hiyo ina kimo cha kama milimita 7. Kivuli hakikuguswa: kimesogea kulia na chini, na umbali wake kwa mshazari ni milimita tatu na nusu. Kwenye bango, umbali huo ulikuwa kama sehemu moja ya nane ya kimo cha herufi, na kivuli kililiinua neno kidogo kutoka kwenye karatasi. Kwenye kadi, umbali uleule ni karibu nusu ya kimo cha herufi. Kivuli cha herufi moja sasa kinaangukia chini ya jirani yake, na neno linasomeka kama limechapwa mara mbili na mashine iliyolegea.

Sasa twende kwenye kompyuta ya pili, ambako chaguo hilo limewashwa. Kila kitu kinagawanywa kwa nne: msogeo unakuwa pointi 1.75, ufifio pointi 1.25. Kwenye skrini, ukivuta karibu, kadi inafanana na bango kabisa. Wengi huishia hapa na kuiita kazi imekamilika.

Lakini fikirini itakavyochapwa. Pointi 1.25 ni milimita 0.44. Mashine ya ofseti haina wino wa kijivu. Hutengeneza kijivu kwa nukta za wino mweusi, na kwenye karatasi nzuri mistari 150 ya nukta kwa inchi ni kiwango cha kawaida. Nukta moja na inayofuata hutenganishwa na milimita 0.17. Kwa hiyo ule mteremko laini wa kivuli, kutoka weusi hadi weupe, una nafasi ya nukta zisizofika tatu. Kwenye karatasi ya gazeti, ambako mistari 85 kwa inchi ni jambo la kawaida, hupati hata nukta mbili. Huwezi kuchora mteremko kwa nukta mbili. Kitakachoonekana ni ukungu mchafu ubavuni mwa herufi, na msomaji atadhani rangi zilikosa kulingana mashineni.

Mstari wa kuzunguka tarehe nao umekuwa pointi 0.25, chini ya milimita 0.09. Ukiwa mweusi utaonekana kwa shida. Ukiwa mweupe juu ya rangi iliyochanganywa kwa wino nne, utazibwa. Na maelezo ya pointi 24 yamekuwa pointi 6, ukubwa ambao mama mwenye mtoto mgongoni, kwenye foleni yenye mwanga hafifu, hatausoma.

Hapo ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Kompyuta ya kwanza ilikosea kwa kuacha kivuli kilivyo. Ya pili ilikuwa sahihi kihesabu, na bado kadi haifai. Jibu la kadi hii ni kuondoa kivuli, kurudisha mstari kwenye nusu pointi au zaidi, kupunguza maneno ya maelezo hadi yale ya lazima, na kuyapanga kwa pointi 8 au 9. Kadi hiyo haitakuwa bango lililonywea. Itakuwa kadi, iliyosanifiwa kama kadi, na mama atajua siku gani aende wapi.

Visivyopungua

Nimesema kuna vipimo vinavyotakiwa kubaki. Navyo vinatoka kwenye mambo matatu ambayo msanifu hana mamlaka nayo.

La kwanza ni nukta na wino. Nukta za mashine hazipungui kwa sababu bango limepungua. Wino husambaa kwa kiasi kilekile kwenye karatasi ileile, uwe unachapa ukurasa mzima au robo yake.

La pili ni jicho. Macho ya msomaji wa kadi ndiyo yaleyale ya msomaji wa bango, na yanazidi kudhoofika kwa umri. Karatasi ya maelekezo ya dawa, karatasi ya mtihani, kitabu cha nyimbo mikononi mwa mzee: vyote hivi vina kikomo cha chini ambacho uzuri wa mpangilio hauwezi kukivunja.

La tatu ni umbali wa kusomea. Bango husomwa kutoka hatua kadhaa, kadi husomwa mkononi. Ukubwa unapobadilika, umbali nao hubadilika, lakini si kwa uwiano uleule.

Fundi cherehani anayeshona gauni la mtoto kwa kufuata gauni la mama yake hagawanyi kila kipimo kwa mbili. Kifungo anakiacha kikubwa kiasi cha vidole kukishika, na upindo anauacha mpana kiasi cha uzi kushika. Nasi tunatakiwa kujua vifungo na mapindo ya kazi yetu.

Upande wa kukuza

Kukuza kuna hatari zake. Picha yenye pikseli 300 kwa inchi kwenye A6, ikipelekwa A2, imekuzwa mara nne na inabaki na pikseli 75 kwa inchi. Hilo wengi wanalijua. Kisichojulikana sana ni kwamba madoido nayo, wakati wa kutolewa kwenye PDF, mara nyingi hugeuzwa kuwa pikseli. Ukurasa wa InDesign hauwezi kuzidi inchi 216, takriban mita tano na nusu. Kwa hiyo anayesanifu bango kubwa la barabarani hufanya kazi kwa moja ya kumi ya ukubwa halisi, na kiwanda hulikuza mara kumi. Ikiwa vivuli vyake vilitolewa kwa pikseli 300 kwa inchi, barabarani vitakuwa 30. Bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linavumilia hilo. Bango la kusimamishwa mlangoni, ambalo watu watasimama kando yake, halivumilii. Kabla hujatuma faili, muulize mpiga chapa atalikuza mara ngapi, kisha uweke ubora wa madoido kwa hesabu hiyo. Ukiweza, mpelekee PDF/X-4, ambayo huacha uwazi ukiwa hai, badala ya PDF/X-1a, ambayo huukandamiza kabla haujafika kwake.

Kukuza kunaleta pia kasoro ya aina nyingine: kivuli kilichosahaulika. Kichwa kikitoka pointi 30 hadi 120 na kivuli kikabaki na msogeo wa pointi 1.75, kitaonekana kama vumbi lililoganda kwenye ukingo wa herufi.

Maneno yetu marefu

Kiswahili kinatuongezea kazi. Neno moja la lugha yetu hubeba mtenda, wakati, urejeshi na kitenzi, na linaweza kuwa sentensi nzima kwa lugha nyingine. "Yatakayoshughulikiwa" lina herufi 20. Liweke kwenye kichwa cha habari cha safu mbili na utaona kishawishi kinavyokuja: kulibana neno kwa upana hadi asilimia 70 ili lienee.

Nawasihi tuache tabia hiyo. Ukiibana herufi kwa upana, nguzo zake za wima hupungua hadi asilimia 70 ya unene wake, lakini mistari ya mlalo hubaki minene kama zamani. Herufi ambayo mchoraji aliipima kwa makini inageuka kuwa na miguu myembamba na mabega mazito. Ukiongeza kivuli juu yake, msogeo na ufifio wake havibanwi pamoja nayo, na kasoro inaonekana zaidi. Tumia fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, au zungumza na mhariri abadili kichwa. Mhariri mzuri wa Kiswahili anaweza kupata neno fupi, nasi tusione haya kumwomba.

Kuhusu saizi ya maandishi, lipo jambo moja la ndani ya programu linalowachanganya wengi. Ukikuza fremu yenye maandishi katika InDesign, mapendeleo ya jumla hukupa njia mbili: kubadilisha saizi yenyewe ya herufi, au kuacha saizi ya awali na kuandika asilimia ya ukuzaji pembeni. Kwa njia ya pili utakuta saizi imeandikwa mara mbili, ya zamani na mpya kwenye mabano, na anayepokea faili baada yako hajui aamini ipi. Njia ya kwanza ni safi zaidi, ila nayo huvunja mtindo wa aya. Utaona alama ya kujumlisha kando ya jina la mtindo. Baada ya kukuza, tengeneza mtindo mpya wenye saizi mpya uutumie kwenye maandishi yote. Usiache kitabu cha kurasa 200 kikiwa na marekebisho ya mkono kila ukurasa.

Utaratibu ninaoupendekeza

Kwanza, kabla ya kuvuta kona yoyote, hesabu asilimia. Karatasi za mfumo wa A zinarahisisha: kutoka A4 kwenda A3 ni asilimia 141, kutoka A4 kwenda A5 ni asilimia 71. Ukijua asilimia utajua mapema nini kitavuka kikomo.

Pili, fungua machaguo ya mistari na madoido uone yamewekwaje. Kila ofisi iwe na uamuzi mmoja, uandikwe, na kila kompyuta iufuate.

Tatu, weka vivuli na madoido kwenye mitindo ya vitu, ambayo InDesign imekuwa nayo tangu mwaka 2005. Kivuli kikiwa ndani ya mtindo, unakirekebisha mara moja na vichwa vyote 40 vinafuata. Kikiwekwa kimojakimoja, utasahau cha 17.

Nne, jiwekee vikomo. Mstari usiwe chini ya robo pointi, na ule mweupe juu ya rangi usiwe chini ya nusu pointi. Maandishi ya lazima yasiwe chini ya pointi 8. InDesign yenyewe, katika zana yake ya kurekebisha mpangilio wa ukurasa mzima, inakuruhusu kuweka saizi ya chini na ya juu ambayo herufi hazitavuka. Waliotengeneza zana hiyo wamekiri kwamba uwiano peke yake hautoshi.

Tano, chapa kwa ukubwa halisi, hata kwa printa ya ofisini, uishike karatasi mkononi au uibandike ukutani kwa umbali ambao msomaji atakuwa. Skrini hukukuzia kila kitu hadi ukapenda kazi ambayo hakuna mtu atakayeiona hivyo.

Ndugu zangu, sikuja kupinga madoido. Kivuli kilichopimwa vizuri hutenganisha neno na picha iliyo nyuma yake na kumsaidia msomaji. Ninachokipinga ni kulipa doido heshima kuliko neno. Nafasi inapopungua, doido ndilo liondoke kwanza, neno libaki. Walimu, nawaomba muwape wanafunzi zoezi hili kila muhula: bango moja, saizi tatu, na maelezo ya maandishi kwa kila kipimo walichokibadilisha, walichokiacha na walichokifuta. Wapiga chapa, turudishieni faili zenye makosa kabla hazijafika mashineni, hata tukinung'unika. Nasi wasanifu tusitie sahihi kwenye kazi ambayo hatujaisoma ikiwa kwenye ukubwa wake wa kweli.